Mashine ya Kahambu na Gunia la Maharage

Siku tisa nzima Kahambu alikaa na kompyuta yake mezani bila kuiwasha, na siku tisa nzima watu wa Masisi centre walisimama mlangoni mwa secrétariat yake, duka la kuchapia maandishi ya watu, na karatasi mkononi, wakiuliza kuna nini. Mwalimu mmoja wa Kingi alikuwa na orodha ya wanafunzi waliorudi baada ya mapigano. Katekista alikuwa na tangazo la ubatizo. Wote walipewa jibu moja: mashine ni mgonjwa. Waliitazama, wakaiona imekaa palepale chini ya kitambaa chake cheupe cha kufuma, safi kama bibi harusi, wakaenda zao wakinung'unika. Mmoja alisema wazi kwamba mwanamke huyu ana maringo ya Butembo. Alikuwa hajui anachosema, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu kusema.

Ukweli ni kwamba Kahambu alikuwa anaogopa. Aliiogopa mashine ile kama mtu anayesita kufungua mlango wa mgonjwa ambaye tangu jana hajakohoa. Ndani yake hamkuwa na orodha na matangazo tu. Mlikuwa na sauti ya mume wake, dakika saba, na hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo sauti hiyo ilikuwepo.

Walikuja Masisi mwaka 2007, yeye na Kataliko, na mizigo ya biashara, kama Wanande wengi wanaokwenda popote penye soko. Walipanga chumba kimoja cha mbao karibu na soko. Upande mmoja Kahambu aliuza sabuni, chumvi na betri za redio. Upande wa pili Kataliko aliweka kompyuta aliyoinunua kwa mtu Butembo, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: Secrétariat Public. Kataliko alikuwa mtu wa maneno machache. Ungeweza kukaa naye tangu asubuhi mpaka mchana ukatoka na sentensi tatu, na kucheka kwake kulikuwa kwa shida zaidi kuliko kusema kwake. Mkewe alimfidia. Kahambu aliongea na wateja, na wateja wakiisha aliongea na mvua, na sufuria, na kuku wa katekista waliokuwa wakimwingilia uani. Hata shambani Kingi, alikokodi kipande mlimani na kufundishwa na akina mama wa huko namna ya kulima maharage, waliomtangulia kwenye mistari walikuwa wakimsikia anabishana na jembe.

Mwezi wa sita mwaka 2010 Kataliko alifunga chumvi na sabuni, akasema anakwenda kuziuza Itebero, kule msituni Walikale, arudi na mawese. Gari ilifika Walikale tu, tena kama barabara imekubali. Kutoka pale ilikuwa miguu. Alisema majuma matatu.

"Unaenda," Kahambu akamwambia, "na hii kitu unaniachia, miye nitaifanya nini?"

Kataliko alijaribu kumwandikia kazi ya mashine kwenye daftari. Maneno yote ya mashine yalikuwa ya Kifaransa, na Kahambu aliyaandika kama alivyoyasikia, na kesho yake hata yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma. Basi Kataliko akavaa mikro, kile kinasa sauti kidogo cha kichwani, akafunga mlango, akaiambia kompyuta yenyewe kila kitu ambacho mkewe angehitaji kujua. Siku hiyo groupe yao, jenereta ndogo iliyokaa nyuma ya ukuta, haikuwa na essence hata tone. Akaazima betri ya gari ya jirani na kibadilisha-umeme chake, na kwa kuwa betri ya watu haimalizwi, alifanya haraka. Ndiyo maana ni dakika saba tu.

Kahambu alizijua zote kwa moyo. "Kahambu, kwanza uangalie courant iko sawa mbele ya kuwasha. Usifunike mashine na kitambaa wakati inatumika, nilishakuambia, inakosa hewa. Kule nyuma kuna tundu moya iko wazi, ufunge na kartoni, panya isiingie." Halafu habari ya kuandika, ya kuhifadhi, ya karatasi inayokwama kwenye printa. Hapo kwenye karatasi, karibu na dakika ya tano, Kataliko ananyamaza ghafla. Halafu anacheka, cheko dogo la puani, kisha anaendelea. Kahambu hakuwahi kujua anacheka nini. Alidhani anamcheka yeye, kwa Kifaransa chake cha kwenye daftari.

Mwanzoni alimsikiliza kwa ajili ya kazi. Baada ya miezi mitatu kazi aliijua, na bado alisikiliza. Kila asubuhi aliwasha groupe, akafunga mlango, akakaa na mume wake dakika saba, groupe ikinguruma nyuma ya ukuta, ndipo akafungua. Nje wateja waliambiana, "Mungoje, iko anapasha mashine moto." Kunakili sauti kwenye flash hakukuwemo katika somo, na kumwomba mtu amfanyie ilikuwa ni kumkaribisha mtu huyo asikilize pia. Hilo hakulitaka. Lilikuwa lake.

Majuma matatu yalikuwa yameshakuwa miaka miwili. Ilifika barua moja tu, iliyoletwa na mbeba mawese: amefika salama, chumvi inakwenda vizuri, watu wa Itebero ni wema. Kisha vita vikashuka kwenye njia ile, na kutoka Itebero hakikutoka tena kitu, si barua wala mbeba mawese. Séraphin, kaka yake Kataliko, alituma ujumbe kutoka Butembo mara tatu: shemeji aje, wasome misa ya marehemu, matanga yaanuliwe, naye atafute maisha mengine. Kila mara Kahambu alijibu neno moja, bado. Unawezaje kumsomea misa ya wafu mtu aliyekuambia asubuhi hiyohiyo ufunge tundu na kartoni? Kartoni yenyewe, nisiseme uongo, hakuwahi kuiweka. Kila siku alisema kesho.

Mwezi wa saba mwaka 2012 vita vikaingia Masisi centre penyewe. Watu walibeba walichoweza wakaelekea Lushebere, na njiani, kabla ya kambi ya waliokimbia, palikuwa na kizuizi cha vijana wenye bunduki. Kila mtu alijua utaratibu wao. Mwenye gunia la maharage walimchotea kopo moja, wakampitisha. Mwenye redio, baiskeli au kitu cha waya, kitu chake kilibaki hapo. Kahambu aliificha ekrani, kile kioo cha kompyuta, na vidude vingine juu ya dari. Kisha akafungua gunia lake la mbegu, maharage aliyoyalima mwenyewe Kingi, akamwaga nusu, akaifunga mashine kwa kitenge, lile kasha lenyewe lenye kila kitu ndani, akailaza katikati kama mtoto na kuifunika kwa maharage yaliyobaki. Akalitia gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akaenda.

Kijana wa kizuizini alisukuma kopo lake ndani ya gunia. Kopo likagonga chuma.

"Nini hii?"

"Jiwe ya kusagia, Papa," akasema Kahambu. Kijana yule angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, lakini bunduki humfanya mtu yeyote kuwa Papa. "Kule nitasagia mu nini?"

Kijana akacheka, akawaambia wenzake wamwone mwanamke anayekimbia vita na mawe mgongoni. Akachota kopo lake, akampitisha.

Lushebere alikaa majuma matano. Alilala kichwa juu ya gunia, na gunia hakulifungua hata siku moja. Alipanga foleni ya uji wa msaada pamoja na wengine huku maharage yake yako palepale, na wenzake wa kibanda wakamwona mchoyo asiye na mfano. Aliyameza hayo pia. Mapigano yalipotulia alirudi, akakuta sabuni zote zimechukuliwa na ekrani iko salama juu ya dari. Akamwaga maharage kwenye mkeka, akaifuta mashine vumbi, akaiunganisha, akawasha groupe, akabonyeza.

Mashine ikalia krrr-ka-ka-ka-ka.

Kelele yenyewe ilishinda ile ya groupe. Kahambu aliruka akachomoa waya kabla ekrani haijawaka. Hakuuchomeka tena, kwa sababu somo lilikuwa na sehemu moja aliyoijua kuliko zote na kuiombea isimfike: "Mashine ikipiga kelele, utafute ni nini inalia. Uguse ventilatere, ile feni, na kalamu, polepole. Kelele ikiisha, ugonjwa ni ile, haina neno. Kama kelele inaendelea, ni diski. Kama ni diski, zima. Usiwashe tena, utume kwa fundi Goma. Kila kitu iko mule." Kila kitu kimo mle. Na aliyesema hivyo alikuwa mle vilevile.

Basi zikapita siku tisa.

Siku ya kumi alikuja Mama Consolée, mkunga wa kituo cha afya, mwanamke mnene wa Kihunde ambaye nusu ya watoto wa mlima ule walipita mikononi mwake. Alikuwa na ripoti ya mwezi, na daktari wa zone ya afya alikuwa hapokei ripoti ya mkono. Kahambu akamwambia mashine ni mgonjwa. Consolée hakunung'unika. Alivuta kigoda akakaa.

"Iko na ugonjwa gani?"

Huwezi kumdanganya mkunga. Amezoea watu wanaosema tumbo linauma kidogo tu. Kahambu alijaribu, akashindwa, na alipoanza kusema alisema yote: kelele, diski, dakika saba kwa betri ya jirani, mlango unaofungwa kila asubuhi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Alipomaliza, Consolée alifungua mkoba wake, akatoa kile kipembe cha mbao ambacho wakunga huweka juu ya tumbo na kusikilizia moyo wa mtoto.

"Washa," akasema.

"Mama Consolée, hii haina mimba."

"Kitu inalia ndani, siioni, sitaki kuipasua bure. Mimi kazi yangu ni gani? Washa."

Kahambu aliwasha. Consolée aliinama, kipembe juu ya kasha, sikio juu ya kipembe, akakunja uso, akainuka. Groupe ilikuwa inatetemesha meza yenyewe. "Hapa siwezi kusikia hata mapigo ya tembo. Zima. Twende kwangu."

Kwenye chumba cha kuzalia, kituo cha afya kilikuwa na sahani za jua juu ya bati na betri zake, na umeme wa jua haupigi kelele. Wakabeba. Consolée aliweka ekrani kichwani na vidude vingine mkobani. Kahambu aliifunga mashine mgongoni kwa kitenge, na watu sokoni wakageuka kumwangalia. Siku hiyo hakuna aliyekuwa anazaa. Chumba kilikuwa kimepigwa deki, dirisha liko wazi, mchana umetulia. Wakaiweka mashine juu ya kitanda cha kuzalia, maana meza haikuwepo.

Kahambu alikijua kitanda kile. Mwaka 2009 alikuwa amelala juu yake, mimba ya miezi sita, na Consolée aliweka kipembe hikihiki kushoto, akakihamisha kulia, akakirudisha kushoto, uso ukambadilika. Hakuna kitu alichosikia. Kataliko alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na usiku ule alimfulia mkewe nguo zote mwenyewe. Hawakupata mimba nyingine kabla ya Itebero.

Sasa Consolée aliinama tena, akahamisha kipembe kushoto, kulia, kushoto. Kahambu aliutambua uso ule. Alishika chuma cha kitanda.

"Mapasa," akasema Consolée.

"Unasema?"

"Ni mapasa. Iko mbili mule. Moya inalia karakacha, ile kila mutu anasikia. Nyuma yake kuna ingine, inakuja polepole. Kii. Inapumzika. Kii. Zima, tufungue, tutoe ule wa kwanza."

Kahambu akazima. Walifungua ubavu wa kasha kwa ncha ya kisu. Kahambu alipotazama ndani alikuwa karibu kucheka na karibu kulia. Chini kabisa yalikuwa yamelala maharage manne, na la tano lilikuwa limebanwa kwenye mapanga ya feni, limechubuka ganda lote. Yalikuwa ni ya Kingi, yale mekundu yenye madoa. Yaliingia kwa lile tundu la nyuma, lililongoja kartoni miaka miwili.

"Kesho, kesho," akasema Kahambu, na Consolée hakuelewa anamwambia nani.

Consolée aliyatoa kwa koleo ya kitovu, moja moja, akayatupa nje kizingitini. Wakawasha. Karakacha imekwisha. Mashine ilikuwa inavuma taratibu, na kwa mara ya kwanza Kahambu aliisikia ile ya pili bila kipembe. Kii. Ukimya. Kii. Sokoni, na groupe nyuma ya ukuta, mtu asingeisikia hata siku moja.

Alichukua kalamu. Consolée alimshika kiwiko. Aliigusa feni ya ndani polepole, kama alivyofundishwa, ikasimama. Kii. Akaiacha. Feni ya nyuma ilikuwa ndani ya wavu, akaisimamisha kwa ujiti wa fagio. Kii. Consolée aliweka kipembe juu ya kile kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa kwa skrubu nne, akasikiliza, akainua kichwa.

"Iko hapa. Hii njo nini?"

"Diski," akasema Kahambu.

Somo lilikuwa wazi. Zima, usiwashe tena. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Kataliko alisema itumwe kwa fundi Goma. Lakini ni nani angeibeba mpaka Goma, kupitia vizuizi vingapi, na uongo wa jiwe la kusagia hufaa mara moja tu. Na akizima leo asiwashe tena, kesho asubuhi atafunga mlango akae na nani? Séraphin angetuma ujumbe wa nne, na safari hii Kahambu hangekuwa na neno la kumjibu.

"Uzime?" akauliza Consolée.

"Yeye alisema nizime."

"Na weye unasema nini?"

Kahambu aliwaza. Ilikuwa miaka miwili tangu mtu amuulize hivyo. Akatoa kidole kwenye kitufe, akashika kipanya, akafungua faili.

"Kahambu," akasema Kataliko, "kwanza uangalie courant iko sawa mbele ya kuwasha."

Alikuwepo. Kahambu alifunika mdomo kwa mikono miwili. Majuma matano kambini na siku tisa dukani, na alikuwa mle wakati wote, ndani ya maharage, hajapungua hata neno. Sauti ilijaza chumba cha kuzalia, safi, karibu, kwa namna ambayo haikuwahi kuwa, kwa sababu haikuwahi kusikilizwa bila groupe. Walisikiliza wote wawili wamesimama. Ghafla Consolée akainua kidole.

"Sikia. Nyuma yake."

Kii.

"Ni mashine," akasema Kahambu.

"Hapana. Ngoja." Consolée aliinamisha sikio kwenye kipembe juu ya diski, akainua mkono wa kuume. "Mimi nitahesabu huyu wa hapa. Weye uhesabu ule wa mu sauti ya bwana yako. Kila akilia, inua kidole."

Kahambu alikisogeza kichwa chake mpaka kwenye vispika. Maneno aliyajua, akayaacha yapite, akasikiliza nyuma yake tu. Kidole cha Consolée kiliinuka. Kisha chake. Cha Consolée. Chake. Havikuinuka pamoja hata mara moja.

"Iko mu sauti!" Kahambu akapiga kelele. "Ilikuwa inalia tangu siku ile! Tangu siku ile yeye iko anasema!"

"Basi si ugonjwa wa vita. Ni tabia yake," akasema Consolée, akajinyoosha mgongo, mwenye kuridhika kabisa. "Kuna watu wanakoroma hivyo mpaka uzee. Kesho nitaomba flash kwa docteur, tuiweke mahali pawili."

Kahambu alicheka, machozi yakimtoka, na angefunga faili hapohapo kama mkono wake ungemtii. Hakufunga. Sikio lake lilikuwa limeshazoea kwenda nyuma ya maneno na halikutaka kurudi. Nyuma ya Kataliko palikuwa na kii, na nyuma ya kii palikuwa na kitu kingine. Shwaa. Shwaa. Ilikuwa mbali, kama ya ng'ambo ya ukuta. Aliijua kabla hajajua kwamba anaijua. Ni ungo. Mtu alikuwa anapepeta maharage uani.

"Karatasi ikikwama mu printa," akasema Kataliko, "usivute kwa nguvu, ufungue pale mbele, halafu…"

Akanyamaza. Ilikuwa dakika ya tano. Na katika ule ukimya, ambao Kahambu aliusikia asubuhi zaidi ya mia saba akidhani hauna kitu ndani yake, ilitoka uani sauti ya mwanamke, ndogo, yenye hasira:

"Weye kuku, ulilima siku gani? Sema! Nilikuona wapi na jembe? Nakuheshimia sababu ya katekista, njo vile tu!"

Kataliko akacheka, cheko dogo la puani.

"Halafu," akasema, na sauti yake bado ilikuwa na kicheko ndani, "utoe karatasi polepole."

Kahambu alikaa chini sakafuni. Consolée alitazama ekrani, akamtazama yeye.

"Ni nani ule?"

"Ni miye," akasema Kahambu. "Nilikuwa ninapepeta maharagi yake ya safari. Nilifikiri ananicheka Kifaransa."

"Aliacha kazi akusikilize," akasema Consolée. "Na betri ya watu inaisha."

Hapo Kahambu alilia kwa sauti. Miaka miwili alikuwa anafunga mlango ili amsikilize mume wake, na hakujua kwamba Kataliko naye, nyuma ya mlango uleule, siku ya mwisho ya kukaa kwake nyumbani, alinyamaza ili amsikilize mkewe. Alimtamani siku hiyo kuliko siku zote. Alimtamani na kofia yake na mikono yake na sentensi zake tatu. Akamtamani pia yule mwanamke wa uani mwenye ungo, asiyejua kitu, ambaye shida yake yote duniani ilikuwa kuku. Consolée hakumwambia anyamaze. Katika chumba kile watu hulia wanavyotaka.

Sauti ilifika mwisho, ikakatika. Mashine ikabaki na kii yake. Baadaye Kahambu alijifuta uso kwa kona ya kitenge, akasimama, akavuta kigoda mbele ya kitanda cha kuzalia, akaomba ile ripoti. Alianza kuandika: akina mama waliojifungua mwezi wa nane, watoto hai, waliozaliwa kabla ya wakati. Consolée alimsomea, naye akaandika bila kukosea.

Walikuwa wamefika katikati ya ukurasa wakati kuku mmoja wa kituo alipokuja kizingitini, akayaona yale maharage matano yaliyotupwa pale, akadonoa la kwanza.

"Weye," akasema Kahambu bila kugeuka, vidole vikiwa juu ya klavye. "Ulilima siku gani?"

Halafu akanyamaza, akaacha kuandika. Consolée alidhani amepoteza mstari, akataka kumsomea tena, akaona uso wake na kuacha. Kahambu alingoja kwa kadiri ya cheko moja dogo la puani, kisha akaendelea na ripoti.